Dhahabu ya Kilwa Iliyobaki Lisbon

Mtu anayefika Lisbon kwa siku mbili, kama nilivyofika mimi nikitokea kwenye mkutano wa kitaaluma, hawezi kulijua jiji. Ataona kile ambacho jiji lenyewe limeamua kuonesha, na mji mkuu huu wa Ureno umeamua kuonesha bahari. Ukipanda tramu namba 15 kufuata ukingo wa mto Tagus utashuka Belém, na hapo karibu kila jiwe linasimulia safari za mabaharia: ngome ya mtoni iliyoanza kujengwa mwaka 1514, monasteri ya Jerónimos ya mwanzoni mwa karne ya 16, na mnara wa mwaka 1960 wa kuwatukuza wavumbuzi, ambao mbele yake imetandazwa ramani ya dunia iliyonakshiwa kwa mawe. Ramani hiyo ni zawadi ya Afrika Kusini ya enzi za makaburu. Sikushangaa kumjua mtoaji.

Ndani ya monasteri, hatua chache kutoka mlangoni, yupo Vasco da Gama, amechongwa kwa jiwe juu ya kaburi lake, viganja vimekutanishwa kwa sala. Watalii hupanga foleni kumpiga picha. Jengo ni zuri mno, na sitajifanya kwamba uzuri huo haukunigusa. Lakini mwanahistoria akisimama mbele ya jengo zuri huuliza ni nani aliyelilipia. Hapa jibu linajulikana: sehemu kubwa ya gharama ilitokana na tozo ya asilimia 5 kwenye biashara ya Afrika na Mashariki.

Nilichokitafuta hasa hakiko Belém siku hizi. Kiko katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Ni monstransi, chombo cha kuoneshea Ekaristi, kimo chake hakifiki mita moja, kilichofuliwa kwa dhahabu na kupambwa kwa rangi na sonara Gil Vicente. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya hostia. Kwenye kitako kuna maandishi ya Kireno yasemayo kwamba Mfalme Manuel I aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Jina la Kilwa limeandikwa pale kwa tahajia ya Kireno, Quilva, waziwazi, bila kuficha wala kuona haya.

Kodi gani? Mwezi Julai 1502 Vasco da Gama, akiwa katika safari yake ya pili kuelekea India, alitia nanga Kilwa na mizinga yake. Mtawala aliyemkuta, Amiri Ibrahim, alitakiwa kuchagua kati ya kuuona mji wake ukipigwa na kuwa mlipaji wa kila mwaka wa mfalme asiyemjua. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni mithkali 1,500 za dhahabu, yaani kama kilo sita hivi. Masimulizi ya Kireno yanaongeza kisa cha aibu: Ibrahim alimtoa tajiri Muhammad Ankoni awe dhamana, kisha akakataa kulipa, kwa matumaini kwamba Wareno wangemwondolea mpinzani wake. Ankoni akalazimika kujikomboa kwa mali yake mwenyewe. Kisa hiki kikiwa cha kweli, basi baadhi ya dhahabu ile ilitoka mfukoni mwa mateka.

Kulipa hakukuinusuru Kilwa. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na meli nane za msafara wake, akauteka mji, na Ibrahim akakimbia. Shahidi aliyekuwamo katika msafara huo ameeleza jinsi mapadri walivyoshuka pwani na misalaba, wakiimba wimbo wa shukrani hadi kwenye jumba la mtawala. Msalaba ukasimamishwa, kamanda akasali, kisha uporaji ukaanza. Ankoni yuleyule akavikwa taji. Sonara wa Lisbon alikuwa bado hajamaliza kazi yake.

Waporaji wengi hufuta alama. Huyu alitoa stakabadhi, akaiweka mwaka, akaitia jina la aliyenyang'anywa, na kuikabidhi kwa Mungu wake. Sijui ushahidi mwingine wa karne ile, kuhusu pwani yetu, unaokaribia huu kwa uwazi. Hata hivyo, katika mijadala yetu ya mali za kale macho yote huelekea Berlin, kwenye mifupa ya dinosaria wa Tendaguru na mafuvu ya wazee wetu. Ni haki kabisa kuelekea huko, lakini Lisbon haina mtetezi wala mdai.

Wanafunzi wangu huwa na jibu la haraka: irudishwe. Ninaiheshimu hasira hiyo, ila swali ni gumu kuliko inavyodhaniwa. Dhahabu ya Kilwa haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe kupitia Sofala, na masultani wa Kilwa walitajirika kwa kuitoza ushuru. Shona naye ana dai lake. Tena kilichopo leo ni kifaa cha ibada ya Kikatoliki, si sarafu za sultani. Mimi ningeanza na madai ambayo Ureno haiwezi kuyakwepa: nakala kamili ya chombo kile na maandishi yake, isimame Kilwa, na utafiti wa pamoja katika hifadhi ya nyaraka ya Torre do Tombo, kwa gharama yao. Jiji lile linajua kukumbuka likitaka. Aprili 1506, mwaka uleule wa monstransi, umati wa Lisbon uliwachinja Wayahudi waliokuwa wamebatizwa kwa nguvu. Tangu 2008 kuna jiwe la kumbukumbu yao katika uwanja wa São Domingos.

Upande wetu nako kuna deni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, miaka miwili kabla ya Belém, kisha yakakaa kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014. Na ni wanahistoria wangapi wa vyuo vyetu wanaosoma Kireno? Orodha ya wafalme wa Kilwa ilichapishwa Lisbon mwaka 1552 katika kazi ya João de Barros, nasi bado tunaisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Lugha hiyo ni ya jirani yetu Msumbiji na ni lugha rasmi ya SADC. Meza, bendera, leso na gereza tumeshazichukua kwao; hilo la mwisho kwao ni kanisa.

Kutoka ukingo wa Belém unaliona daraja jekundu lililozinduliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar. Leo linaitwa Daraja la 25 Aprili, siku ya mwaka 1974 ambapo maofisa wa jeshi, waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea na Msumbiji, waliuangusha utawala wa kidikteta. Wapiganaji wa FRELIMO waliochangia kuwachosha walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo Nachingwea, mkoani Lindi. Kilwa iko katika mkoa huohuo.