Fundi aliyemtoroka mkuu wa vita: filamu ya mwaka 1936

Mwaka 1936, miaka mitatu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, filamu iitwayo Things to Come ilianza kuonyeshwa jijini London. Aliyeiandika ni Mwingereza H. G. Wells. Shujaa wake si mwanajeshi wala mfalme. Ni fundi.

Everytown, mji wa kubuni, unapigwa mabomu siku ya Noeli 1940. Vita vinaendelea hadi miaka ya 1960. Nyumba zinabaki vifusi, ugonjwa wa kuambukiza unaua watu ovyo, kisha mtu mwenye bunduki anajitangaza mkuu wa mji. Anataka ndege zake kuukuu ziruke tena ili akapigane na watu wa milimani. Askari anao, lakini hakuna hata mmoja anayejua kutengeneza injini. Basi anamlazimisha fundi Gordon. Gordon anaitengeneza ndege moja, anairusha yeye mwenyewe na kutoroka, akawaite wahandisi na marubani wenye makao yao Basra, Iraki. Hao wanakuja na gesi ya usingizi, na utawala wa yule mkuu unaishia hapo.

Sehemu ya mwisho, mwaka 2036, inasumbua zaidi. Wahandisi wamejenga mji mpya, safi, lakini umati unakwenda kuvunja mzinga wa kurushia watu kuelekea mwezini. Wells alikuwa upande wa wahandisi. Ila wakazi wa Everytown, waliopigwa mabomu na kutawaliwa kwa bunduki, hata mara hii hakuna aliyewauliza wanataka nini.