Jembe na Mbolea: Historia Fupi ya Mahindi katika Kakamega



Kila mwaka mvua zikaribiapo, wengi wetu tufanyao kazi mijini hupeleka nyumbani fedha za mbolea. Ni jambo jema. Lakini wachache hupeleka fedha za palizi. Historia ya mahindi hapa kwetu yatuonya kwamba mbolea pasipo jembe ni hasara, nasi twaieleza kwa ufupi ili kila mwenye shamba apime mwenyewe.

Zamani za babu zetu nafaka kuu zilikuwa wimbi na mtama. Palizi ya wimbi ilitaka subira, maana katikati yake huota gugu linalofanana nalo mno. Asiye na jicho la mkulima huliacha gugu akang'oa wimbi. Mahindi yalizidi kuenea baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Tena dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wachimbaji walihitaji unga. Basi mahindi yakawa chakula na fedha pia. Lakini wanaume wengi walikwenda kutafuta mshahara migodini, kwa walowezi na mijini, na jembe likabaki mikononi mwa akina mama. Mashamba nayo yakagawanywa kati ya wana. Ardhi iliyokuwa ikipumzishwa ikalimwa mwaka hata mwaka, ikachoka.

Mwaka 1955 utafiti wa mbegu za mahindi ulianza Kitale chini ya Bwana Michael Harrison, na mwaka 1964 ikatolewa haibridi 611, iliyozaliwa na mahindi ya Kitale na ya Ecuador. Wakulima wadogo wa magharibi waliipokea upesi. Katika miaka hiyo ya 1960 Bwana A. Y. Allan, wa Kitale pia, alijaribu mambo sita pamoja: wakati wa kupanda, wingi wa miche, palizi, aina ya mbegu, mbolea ya fosfeti na mbolea ya naitrojeni. Ikaonekana kwamba aliyepanda mapema, kwa nafasi ifaayo, na kupalilia vizuri, hata kwa mbegu ya kienyeji bila mbolea, alivuna kuliko yule aliyenunua mbegu mpya na mbolea kisha akachelewa na kuyaacha magugu. Aliyeunganisha yote aliwapita wote.

Sababu yake si ngumu. Naitrojeni haibagui mizizi. Ukiimwaga penye magugu, magugu hula kwanza, yakanenepa na kuyafunika mahindi. Kwa hiyo yapasa kupalilia mapema, mahindi yakiwa bado machanga. Kisha, yafikapo magotini na udongo una unyevu, ndipo hutiwa mbolea ya kukuzia.

Liko gugu moja lililo adui mkubwa zaidi, nalo ni kayongo, lenye maua ya zambarau. Hilo hushika mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kuyanyonya kabla halijaonekana, hivyo jembe huchelewa kulifikia. Mche mmoja huweza kutoa mbegu elfu nyingi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi. Kayongo hupenda udongo uliochoka, usio na naitrojeni. Kwa hiyo samadi na mbolea husaidia kulidhoofisha, lakini ni lazima ling'olewe kabla ya kutoa mbegu na kuchomwa moto.

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE huko Mbita, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, wamefundisha kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huichochea mbegu ya kayongo iote bure na kufa, na mmea wenyewe huchukua naitrojeni ya hewani ukaitia udongoni. Tena majani yake ni malisho mazuri ya ng'ombe. Ndiyo palizi na mbolea katika mmea mmoja, ingawa nao wenyewe hutaka kupaliliwa ungali mdogo.

Basi, ndugu zetu, mama aliyebaki peke yake na eka moja hawezi kuyashinda magugu kwa gunia la mbolea tulilomnunulia. Tupelekapo fedha za mbolea, tupeleke pia za vibarua wa palizi. Na aliye na likizo aje nyumbani wakati wa palizi, asingoje mavuno. Wazee wetu hawakuwa na mbolea ya dukani, lakini hawakumwachia mtu mmoja jembe.