Mkimbizi ni nani? Somo la Ngara

Katika saa 24 tu, kuanzia Aprili 28, 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani Ngara, Tanzania. Walikuja na magodoro vichwani na watoto migongoni. Kando ya daraja, mapanga waliyonyang'anywa na walinzi wa mpaka yalirundikana. Wote waliitwa wakimbizi.

Maana ya jina hilo imetoka mbali. Mwaka 1685, Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta Amri ya Nantes iliyowalinda Waprotestanti. Maelfu wakahamia Uingereza, na jina walilojiita kwa Kifaransa likaingia katika Kiingereza kwa maana ya mtu aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya imani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi ukaongeza wanaoteswa kwa ajili ya rangi, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Septemba 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukawaingiza pia wanaokimbia vita na machafuko.

Ngara iliijua hali hiyo mapema. Watutsi waliotoroka machafuko ya Rwanda yaliyoanza 1959 walipewa makazi Muyenzi. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, Warundi nao wakamiminika, na Wahangaza, wenyeji wa Ngara, wakaongea nao bila mkalimani, kwa kuwa Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi.

Ukarimu huo ulikuwa na gharama. Miti ilikatwa kwa kuni na vibanda. Wenye migomba Ngara na Biharamulo walipata soko la ndizi na vibarua wa bei rahisi, lakini mwenyeji aliyeishi kwa kibarua alipunjwa ujira.

Jaribu kubwa lilikuja Benaco, kambi ya Wanyarwanda iliyorithi jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara. Viongozi wa mitaa waliohamia na watu wao waliendelea kushika madaraka, hata ugawaji wa chakula ukapita mikononi mwao. Juni 1994 fujo zilizuka kambini ilipotakiwa Jean-Baptiste Gatete, meya wa zamani wa Murambi nchini Rwanda, aondolewe. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mkataba wa 1951 unamnyima hadhi ya ukimbizi mtu wa namna hiyo. Hata hivyo muuaji na mama aliyekimbiza wanawe walipanga foleni moja ya mahindi, kwa sababu umati ulipokelewa bila kuchujwa.

Desemba 1996 mambo yakageuka. Serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walitorokea ndani zaidi ya Tanzania, na jeshi likawarudisha hadi Rusumo. Mwenye hatia na mwenye hofu ya kweli wakavushwa pamoja tena.

Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: jina la mtu mmoja mmoja lilipewa umati. Mkimbizi ana sababu yake iliyomtoa kwao, na sababu hiyo inataka kusikilizwa kabla hajapokelewa na kabla hajarudishwa. Ni kazi ngumu watu 250,000 wanapofika kwa siku moja. Lakini ipo miezi na miaka inayofuata, na hapo ndipo taifa linapopaswa kuifanya.