Kumbukumbu za pamoja na siasa za Mombasa

Kumbukumbu za pamoja ni yale ambayo jamii huyakumbuka kuhusu asili yake, na kwa hayo hujitambua na kudai haki. Katika Kisiwa cha Mombasa ndizo zilizoamua nani ahesabiwe mwenyeji.

Waswahili wa kisiwani hujigawa kwa mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa. Thalatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana; waliobaki, wakiwemo Wamvita na Wajomvu, ni Tisa Taifa. Wakilindini husimulia kwamba asili yao ni Shungwaya, kaskazini mwa pwani, wengine humtaja Shehe Mvita kuwa mwasisi wao, na simulizi hizo zilikuwa na nguvu serikalini: mpasuko miongoni mwa wenyeji ulimsaidia Sayyid Said wa Oman kuwaondoa madarakani Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, mwaka 1837.

Kumbukumbu nzito zaidi ni ya Mwambao, yaani ukanda wa pwani. Mwaka 1895 Uingereza ilipatana na Sultani wa Zanzibar kuendesha ukanda wa pwani wa maili 10, milki ikibaki yake. Kwa hiyo bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi 1963, ikionekana kutoka barabara ya Ndia Kuu. Kwa wengi wa Mji wa Kale ilikuwa shahidi kwamba pwani haikuwa koloni kama bara, na waliodai Mwambao ujitawale waliitegemea hoja hiyo. Wengi wa Wamijikenda, jamii nyingine za Pwani, waliitazama bendera ileile wakakumbuka utumwa na mashamba waliyopokonywa. Ronald Ngala, kiongozi wao mkuu, aliupinga mpango wa Mwambao kujitawala. Tume ya Robertson ilipendekeza mwaka 1961 ukanda uunganishwe na Kenya, na mapatano ya Oktoba 1963 yakathibitisha hivyo, Mahakama za Kadhi zikilindwa.

Jambo la kuzingatiwa sana ni lililofuata. Baraza la Mombasa Republican lililoanzishwa mwaka 1999, na wito wake wa "Pwani si Kenya", lilitumia hati zilezile za 1895 na 1963, ilhali wafuasi wake wengi walikuwa Wamijikenda. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010. Mahakama Kuu ya Mombasa ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2012. Kilichowaleta Wamijikenda hao kwenye hoja ya Mwambao ni ardhi: hadi leo familia nyingi za Pwani ni maskwota kwenye ardhi ambayo hati zake zina majina ya wengine.