Gemu Likikolea, Kompyuta Inazimika: Historia ya Kuusaka Ubovu Uliojificha

Katika magonjwa yote ya kompyuta iliyoundwa nyumbani kwa ajili ya magemu, hakuna unaomchosha fundi kama huu wa kuzimika chini ya mzigo. Mashine inawaka vizuri, inacheza video bila wasiwasi, lakini gemu likikolea kioo kinakuwa cheusi au kompyuta inajiwasha upya. Ikichunguzwa ikiwa imetulia, haionyeshi kasoro yoyote. Kwa hiyo fundi hana budi kuitwisha mzigo mzito kwa makusudi na kungoja ianguke mbele ya macho yake. Mbinu hiyo ina umri karibu sawa na kompyuta za elektroniki zenyewe.

ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na vali (mirija ya kioo ya elektroniki) zipatazo 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Vali zake ziliungua zaidi wakati wa kuwashwa na kuzimwa, hivyo wahandisi wakaona heri iachwe ikiwaka usiku na mchana. Vali iliyokufa kabisa haikuwa taabu kubwa. Taabu ilikuwa vali iliyochoka, inayohesabu sawasawa asubuhi na kukosea mchana. Dawa yake ilipatikana katika chuo cha MIT, kwenye kompyuta ya Whirlwind iliyojengwa chini ya uongozi wa Jay Forrester na kuanza kazi mwaka 1951. Wahandisi wake walipandisha na kushusha volti za kundi moja la saketi baada ya jingine, kupita kiwango cha kawaida, huku programu ya majaribio ikiendelea kukimbia. Vali nzima ilistahimili. Iliyochoka ilikosea papo hapo, ikang'olewa kabla haijavuruga kazi ya siku. Kupima kifaa kikiwa ukingoni mwa uwezo wake, sehemu moja baada ya nyingine, ndiko kunakofanyika hadi leo kwenye meza ya fundi wa mtaani.

Kazi hiyo ilihamia nyumbani kidogo kidogo. IBM PC ya mwaka 1981, yenye saplai ya umeme ya wati 63.5 tu, ilitumia vipuri ambavyo viwanda vingine viliweza kuviiga, na baada ya miaka michache maduka yakawa yanauza mazabodi, RAM na kadi za kila namna. Mwaka 1995 Intel ilitoa vipimo vya ATX, na tangu hapo saplai, mazabodi na kasha vya watengenezaji tofauti vikaweza kukutana bila kuchongwa. Uhuru huo ulikuwa na gharama yake, kwani hapakuwa tena na kiwanda kilichoijaribu mashine nzima. Aliyenunua vipuri ndiye aliyegeuka mhandisi wa majaribio, apende asipende. Mwaka 1998 ilikuja prosesa ya Celeron 300A, ya megahezi 300. Mapigo ya mazabodi yakipandishwa kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi kati yake zilikubali kukimbia kwa megahezi 450. Je, prosesa iliyosukumwa hivyo ni nzima kweli? Windows kufunguka hakukuwa ushahidi.

Ushahidi ulitoka mahali ambapo wachezaji wa magemu hawakupatarajia, kwa watafutaji wa namba tasa. Mwaka 1996 George Woltman alianzisha mradi wa GIMPS, unaoshirikisha kompyuta za watu wa kawaida katika kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne. Hesabu moja iliweza kuchukua wiki nyingi, na kosa la biti moja lilitosha kuibatilisha yote. Kwa sababu hiyo programu yake, Prime95, ilikuwa na jaribio la mateso linalorudia hesabu zenye majibu yanayojulikana. Ina ujanja mwingine mzuri zaidi. Kuzidisha kwake hufanywa kwa namba za desimali ambazo mwishoni lazima ziangukie karibu kabisa na namba kamili. Zikiangukia katikati, kuna kitu kimekosea. Waunda kompyuta wakaichukua kama yao. Iliachwa ikikimbia usiku kucha, na alfajiri huenda ukakutwa ujumbe kwamba makadirio yamefika 0.5 ilhali yalipaswa kuwa chini ya 0.4. Kioo kimetulia, hakuna kilichozimika, lakini prosesa au RAM imeshasema uongo. Hakuna kipimo cha nyumbani kilichokuwa na makali kama hayo. Hata mwaka 2016 hesabu za Prime95 ndizo zilizofichua kasoro iliyozigandisha prosesa mpya za Skylake, na Intel ikaikubali na kutoa marekebisho.

RAM ilikuwa na mpimaji wake tangu 1994, Memtest86 ya Chris Brady, inayokimbia kabla Windows haijafunguka, ikiandika mifumo ya biti na kuisoma tena. Kadi za michoro zilipata FurMark mwaka 2007. Hapo ikawezekana kutenganisha washukiwa. Prosesa inatwishwa peke yake, kisha kadi peke yake, kisha zote mbili. Kila moja ikifaulu peke yake lakini zikashindwa pamoja, jicho linageukia saplai ya umeme.

Saplai ina historia yake chungu. Prosesa ya Pentium 4 ilipotoka mwaka 2000, umeme wake ulihamishiwa kwenye waya za volti 12 kupitia plagi mpya ya pini nne, kwa kuwa volti zikiwa nyingi, wati zilezile hupita kwa ampea chache. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko zilikuwa jumla ya volti zote, hivyo saplai yenye namba kubwa iliweza kuwa dhaifu palepale prosesa ilipokunywa. Volti 12 zinaruhusiwa kutikisika kwa asilimia 5 tu, yaani zisishuke chini ya 11.4. Juu ya hayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu 2007 dunia ilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu. Kazi ya kapasita ni kushika akiba ndogo ya umeme inayoziba pengo prosesa inapodai ghafla. Kichwa chake huwa bapa, kimekatwa alama ya msalaba. Kapasita iliyooza huumuka kama andazi na kuvuja uchafu wa kahawia. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kushughulikia mashine zilizougua hivyo.

Joto, ambalo kila mtu hulishuku kwanza, limepungua ubaya. Mwaka 2001 Tom's Hardware walionyesha kwa video prosesa ya Athlon ikiungua baada ya kuvuliwa hitsinki, chuma kinachoipoza, ilhali Pentium 4 ilipunguza kasi na kuendelea. Prosesa za leo hufanya kama hiyo ya pili, hivyo joto huleta ugoigoi kabla ya kuzima.

Kilichobaki kigumu ni miruko ya umeme. Kadi za RTX 3080 zilipotoka Septemba 2020, baadhi ziliangusha magemu mara kasi ilipopanda, mjadala ukazuka kuhusu kapasita zilizo nyuma ya chipu, na dreva mpya ikatuliza mengi. Vipimo vya ATX 3.0 vya mwaka 2022 vikazitaka saplai kubwa zistahimili mara mbili ya wati zake kwa maikrosekunde 100.

Kisha ikaja kesi iliyowapoteza hata mafundi wazoefu. Kwenye kompyuta zenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14, magemu yalianguka yakidai kumbukumbu ya video imekwisha. Watu walibadilisha kadi za michoro na dreva bila nafuu, kwa sababu aliyekosea alikuwa prosesa, alipokuwa akifumua data zilizobanwa. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba maikrokodi yake, yaani maagizo ya ndani ya prosesa, iliomba volti za juu kupita kiasi. Maikrokodi 0x129, iliyotolewa Agosti, iliweza kuzikinga prosesa nzima lakini si kuziponya zilizoumia, na dhamana ya prosesa hizo ikaongezwa miaka 2.