Dawa za kulainisha choo: maswali yanayotangulia kidonge

Wilayani Nchelenge, katika Jimbo la Luapula kaskazini mwa Zambia, maelezo ya mgonjwa mmoja huweza kupita katika lugha tatu kabla ya kupewa dawa. Nyumbani huzungumza Kiswahili, kituo cha afya humhudumia kwa Kibemba, na maandishi ya pakiti ni ya Kiingereza. Hali hiyo inawahusu hasa Wakongo waliovuka kutoka Haut-Katanga na Tanganyika na kupokelewa katika makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa Januari 2018.

Katika mazingira hayo, ombi la "dawa ya tumbo" halimwambii muuguzi lolote. Hata "dawa ya kuharisha" ina utata: kwa mmoja ni dawa ya kuzuia kuhara, kwa mwingine ni dawa ya kuleta choo. Mwenye kipindupindu akipewa dawa ya kuleta choo huzidi kupoteza maji na chumvi za mwili, na maisha yake huwa hatarini. Ni salama zaidi kueleza hali yenyewe: "Sijapata choo kwa siku nne," au "Choo ni kigumu na kina damu."

Kufunga choo ni nini?

Kwa kawaida mtu husemwa amefunga choo anapokwenda haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, au anapotoa choo kikavu kwa kujikamua na kwa maumivu. Hata hivyo watu hutofautiana, hivyo muuguzi huanza kwa kuuliza desturi ya mgonjwa mwenyewe.

Huuliza pia choo cha mwisho kilikuwa lini na kilionekanaje; kama mgonjwa anatapika; kama hewa bado inatoka; kama ana mimba au ugonjwa wa figo; na dawa anazotumia. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hukausha choo na kukifanya cheusi. Kodeini, tramadoli na mofini hupunguza mwendo wa utumbo, na ndiyo sababu mgonjwa anayetumia mofini kila siku huanzishiwa dawa ya choo mapema, bila kusubiri afunge. Baada ya maswali, muuguzi hulipapasa na kulisikiliza tumbo.

Aina za dawa na namna zinavyofanya kazi

Dawa za kuusukuma utumbo, kama sena na bisakodili, huufanya ukaze na kuachia. Mtu mzima kwa kawaida huanzia miligramu 7.5 hadi 15 za sena, au miligramu 5 hadi 10 za bisakodili, wakati wa kulala. Choo huja baada ya saa 6 hadi 12. Kidonge cha bisakodili humezwa kizima, na hakichanganywi na maziwa wala dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kwa sababu ganda lake huyeyuka kabla ya wakati na kuleta maumivu.

Laktulosi huvuta maji ndani ya utumbo na huhitaji siku moja hadi tatu. Mgonjwa asiongeze kipimo kwa kudhani kwamba imeshindwa. Dawa zenye magnesia hufanya kazi haraka zaidi, lakini mwenye figo dhaifu hapaswi kuzitumia bila ushauri wa daktari, maana magnesia hujikusanya katika damu.

Dokusati hulainisha choo na humfaa asiyepaswa kujikamua, kama mwenye bawasiri. Dawa za nyuzinyuzi, kama ispaghula, humezwa na maji mengi. Bila maji zinaweza kukwama na kuziba koo au utumbo.

Wakati ambapo dawa hizi hazitolewi

Maumivu makali ya tumbo, kutapika, homa, tumbo lililovimba na kuwa gumu, au kutotoa choo wala hewa, ni dalili zinazokataza dawa hizi mpaka mgonjwa apimwe. Huenda utumbo umeziba, kidole tumbo kimeshika uvimbe, au homa ya matumbo imetoboa utumbo. Kwa watoto, fundo la minyoo linaweza kuziba njia. Dawa ya kusukuma hulazimisha utumbo kukaza dhidi ya kizuizi, na utumbo unaweza kupasuka.

Hatari ya pili ni muda. Anayemeza sena jioni husubiri hadi asubuhi, na kwa mwenye utumbo ulioziba usiku huo ni saa zilizopotea.

Wajawazito, watoto na wazee

Mjamzito asinywe mafuta ya mbarika, kwani huweza kuamsha uchungu wa kuzaa. Amweleze muuguzi shida yake, na asiache vidonge vya chuma kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo akiwa mzima, maadamu ananyonya vizuri na choo chake ni laini. Kichanga ambaye hajapata choo katika saa 48 za kwanza apelekwe hospitali. Kumwingizia mtoto maji ya mizizi au ya sabuni kwa bomba la mpira kunaweza kuchoma au kutoboa utumbo wake.

Kwa mzee aliyelala kitandani, choo cha majimaji kinachovuja kidogo kidogo huenda kinapita kando ya bonge gumu lililokwama. Akipewa dawa ya kuzuia kuhara, hali huzidi kuwa mbaya. Muuguzi humpima kwanza.

Maji na chakula

Bukari wa muhogo uliomenywa una nyuzinyuzi chache, lakini sombe, ambayo Wabemba huiita katapa, pamoja na maharage, mapapai na mapera huzileta. Ushauri wa kunywa maji zaidi una sharti lake kandokando ya Ziwa Mweru: yawe yamechemshwa au kutiwa klorini. Kuchuchumaa, au kuinua miguu juu ya kigoda kwa anayekaa, hurahisisha haja.

Dawa isipoleta choo kwa siku tatu, au ikileta kuhara, kizunguzungu au damu, mgonjwa aiache na arudi kituoni akiwa na pakiti yake. Kwa walio katika visiwa vya Kilwa na Chisenga, ambako hospitali ya Kashikishi hufikiwa kwa mtumbwi au boti, maumivu makali ya tumbo ni sababu ya kuanza safari mapema, kabla dawa yoyote ya choo haijajaribiwa.