Sindano, Viraka na Ushirika

Wazee wetu waliijua vema nguo ya merikani, iliyoletwa Unguja kwa meli katika karne ya 19 na kusafirishwa bara na misafara. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani, kwa pamba iliyolimwa kusini na watumwa wenye asili ya Afrika. Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twaona yafaa kuwasimulia wanachama habari za wajukuu wa wakulima hao wa pamba, kwani wao nao waliunda ushirika, tena wa wanawake.

Mahali penyewe ni Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, ambapo mto umepazunguka pande tatu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi walibaki papo hapo, wakilima pamba katika ardhi ya wengine na kukopa mpaka mavuno. Mwaka 1932, baada ya mfanya biashara aliyewakopesha kufariki, deni lote lilidaiwa kwa mara moja. Wakanyang'anywa nyumbu, ng'ombe, majembe, hata mahindi ya ghalani.

Nyumba zao za mbao zilipenya baridi kali. Kwa hiyo wanawake walishona mifarishi, yaani nguo nene za kujifunikia. Walikata viraka katika suruali za kazi zilizochakaa na magunia ya unga, wakaviunga, wakatia pamba katikati, kisha wakashona tabaka zote pamoja. Binti alianza kwa kuketi karibu na mama yake akitunga uzi sindanoni, kisha akapewa viraka vyake mwenyewe. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alishona mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu, apate kujifunika na kumkumbuka. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Hivyo pamoja na ushoni kijana alijifunza kuiheshimu kazi na kumheshimu aliyeifanya.

Mwaka 1966, siku za kudai haki ya kupiga kura, kina mama wa wilaya hiyo waliunda ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, wakisaidiwa na kasisi Francis X. Walter. Bibi Estelle Witherspoon akawa meneja wake. Mifarishi yao ilipelekwa kuuzwa mnadani New York. Ushirika ulinunua ardhi, na sehemu yake ikauzwa kwa familia zilizofukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1972 ukapata mkataba wa kulishonea foronya duka kubwa la Sears. Mkataba huo ulileta mshahara wa hakika, lakini foronya zote zilipaswa kufanana, wala fundi hakuweza kufuata fikira zake. Mabaki ya kitambaa yalichukuliwa nyumbani, na huko yakageuka mifarishi ya namna ya kila mmoja.

Fundisho liko hapo. Ushirika ule ulifungwa mwaka 2012, waasisi wake wakiwa wamezeeka au wamefariki. Lakini ufundi haukufungwa. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 picha zake zikatiwa katika stempu za posta ya Marekani. Hata leo mabinti na wajukuu wanashona, kwa kuwa walifundishwa nyumbani.

Sisi nasi tunayo maghala, mizani na madaftari. Vyote ni vyema, lakini chama hakirithiwi kwa daftari peke yake. Je, vijana wetu wajua kutenga pamba safi na fifi, kusoma mizani, na kusema mkutanoni bila woga? Samaki mkunje angali mbichi. Basi, kila mwanachama aje na kijana wake katika mkutano mkuu ujao, amketishe karibu naye, asikie hesabu zikisomwa na kuulizwa.